Kinamasi Bila Daftari

Nakuomba kwanza tufungue atlasi yangu pamoja. Ni ile kubwa iliyochanika mgongoni, niliyorithi kutoka kwa kaka yangu. Kwenye ukurasa wa ramani ya Afrika Mashariki utakuta shina moja kavu la mmea, urefu wake kama kiganja na nusu, na rangi imegeuka ikawa ya majani ya chai. Halina jina. Halina tarehe. Halina mahali lilipotoka. Mama amejaribu kulitupa mara mbili akidhani ni takataka, nami nimelitetea mara mbili kama mtu anayetetea shamba la urithi.

Maoni yangu, ambayo nitayatoa bila kupiga chenga, ni haya: kila shule iliyo karibu na mto au kinamasi katika sehemu zetu za Thika na Ruiru inapaswa kuwa na hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa, na kila mmea uwe na karatasi inayosema ulichumwa wapi, lini na nani. Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. "Ati nyasi?" Ndiyo, nyasi. Hebu vumilieni kidogo.

Nyumbani kwetu ni Ruiru, upande wa Kimbo, na shule ninasomea huku Thika, kwa hivyo mimi ni mtu wa matatu asubuhi na jioni. Nilipokuwa shule ya msingi kulikuwa na kinamasi kidogo nyuma ya nyumba tunazopanga. Sisi watoto tulipaita Kwa Vyura. Jina halikuhitaji maelezo, maana ikifika saa moja jioni ilikuwa huwezi kusikia redio. Maji yalifika magotini. Pembeni palikuwa na matete, na katikati aina fulani ya unyasi mwembamba, mrefu, wa mviringo kama sindano ya kushonea magunia. Tulikuwa tukiukata na kusukia vikapu ambavyo havingeweza kubeba hata embe moja. Cucu alipokuja kututembelea kutoka Gatundu aliyatazama yale matete, akayaita kwa jina lake la Kikuyu, ithanji, na akasema mahali penye ithanji maji hayako mbali hata kama juu pamekauka.

Siku moja nilikata shina la ule unyasi wa katikati nikalitia ndani ya atlasi. Kwa nini? Sikumbuki vizuri. Labda mwalimu alituagiza, labda ni utundu tu. Nilikuwa darasa la sita, au la saba. Ilikuwa ile miaka ya 2021 na 2022 ambapo mihula ilibanwa baada ya shule kufungwa kwa ajili ya Korona, na hata wazazi walikuwa hawajui tena mtoto yuko darasa gani. Kumbuka jambo hili, msomaji, maana nitalirudia.

Kisha lori zikaja. Lori za kifusi, mchana na usiku, kwa wiki tatu hivi. Vyura wakanyamaza. Pakawekwa ua wa mabati, na baada ya muda si mrefu jengo la ghorofa nne likasimama pale tulipokuwa tukipoteza viatu vyetu. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, alihamia chumba cha chini kabisa kwa sababu kodi yake ilikuwa nafuu.

Mvua za masika za mwaka 2024 mnazikumbuka. Nchini kote zaidi ya watu 200 walipoteza maisha kwa mafuriko, na hata shule zilichelewa kufunguliwa. Kwetu hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini katika ploti ile maji hayakuingia kwa mlango. Yalitoka chini! Yalipanda kupitia sakafu kama maji yanayorudi kwao. Godoro, unga, vitabu vya watoto, vyote vikalowa. Wapangaji walipokwenda kulalamika waliambiwa hiyo ni mvua ya Mungu, na kwamba ploti ile tangu zamani ilikuwa shamba kavu la mahindi. Mzee mmoja wa mtaa akasema, "Hapa palikuwa na kinamasi, mimi mwenyewe nimenyweshea ng'ombe hapa." Akaulizwa, "Mzee, una karatasi?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mwavuli uliovunjika. Niliposikia neno karatasi nikakumbuka atlasi. Mbio nyumbani, mbio kurudi, nikaifungua mbele ya watu wazima nikijiona nimeleta shahidi. Mwenye ploti aliliangalia lile shina, akaligeuza, halafu akasema kwa upole kabisa, "Kijana, hili unaweza kuwa umelitoa hata Naivasha." Watu wakacheka. Na ubaya wa mambo ni kwamba alisema kweli.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimekuwa nikiichomeka katika insha tangu darasa la tano ili nipate alama, wala sikujua kwamba siku moja itanisema mimi.

Basi mwalimu wetu wa Bayolojia, baada ya kusikia kisa changu, aliomba ruhusa, na safari ya darasa ya kwenda Makumbusho ya Taifa pale Nairobi ilipofika, wachache wetu tukapelekwa mahali ambapo wageni wengi hawafiki. Wenzetu walikimbilia nyoka. Sisi tuliingia kwenye hebaria. Hebaria ni maktaba, ila badala ya vitabu mna mimea iliyokaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi ngumu na kupangwa kabatini kwa jamii zake. Palinuka kama sanduku la Cucu. Hii ya Nairobi inaitwa Hebaria ya Afrika Mashariki. Ilianzia Amani, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, mwaka 1902 wakati wa Wajerumani, na mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Leo ina karatasi zinazokaribia milioni moja. Kuanzia mwaka 1971, na kwa zaidi ya miaka 20, iliongozwa na mama kutoka Uganda, Christine Kabuye. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu kuna wasichana katika darasa letu wanaosema elimu ya mimea ni ya wazungu waliostaafu.

Kwenye kona ya kila karatasi kuna kijikaratasi cha maelezo, yaani lebo. Inasema jina la mmea, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, hali ya mahali penyewe kama ni kinamasi au mwamba au kando ya mto, tarehe, na jina la mchumaji pamoja na nambari yake. Zile za kale zinataja mwinuko kwa futi. Nilitoa shina langu. Mama aliyekuwa akitutembeza alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima iliyozidi ya mwenye ploti, akaniuliza maswali matatu tu: wapi, lini, nani? La nani nililijibu upesi. La wapi nililijibu kwa mdomo, bila maandishi yoyote. La lini nikababaika. Akasema, "Andika unachokumbuka. Usichokumbuka, usikiandike." Kisha akaongeza kwa kucheka kwamba shina lisilo na hayo matatu ni chakula cha ng'ombe.

Nilijaribu kuokoa heshima yangu. Nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya safari, kwa hivyo nikatangaza kwa sauti kwamba mmea wangu ni Juncus. Hili ni jina la kitaalamu la unyasi wa majimaji unaomea kando ya vijito katika nchi nyingi, hata katika mabonde ya majangwa ya mbali, popote palipo na tope lisilokauka. Nikaeleza na sababu: shina lake ni la mviringo! Kanuni niliyoijua ni kwamba ukilibingirisha shina kati ya vidole na likawa na pembe tatu, huyo ni wa jamii ya mafunjo na ndago. Likiwa na vifundo kama mwanzi, ni nyasi ya kawaida. Likibingirika laini bila pembe wala kifundo, hiyo ndiyo Juncus.

Lo! Kumbe ni nusu ya habari. Tuliambiwa kwamba wako ndugu wa mafunjo ambao shina lao nalo ni la mviringo, na wanapenda maji yale yale. Njia ya kuwatenganisha ni ua na tunda. Ua la Juncus ni dogo sana lakini limekamilika, lina vijani sita kama nyota, na tunda lake ni kibweta kinachopasuka na kutoa mbegu nyingi. Wa jamii ya mafunjo, kila kijiua hutoa kokwa moja tu. Shina langu halikuwa na ua wala tunda. Nilikuwa nimekata katikati, sehemu iliyonyooka vizuri, kama mtu anayechagua fimbo. Kwa hivyo sikukosa tarehe na mahali tu. Hata jamii ya mmea wenyewe haikuweza kujulikana kwa yakini.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa uzito. Kuna mfululizo wa vitabu juu ya mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Miaka 60! Sehemu ya jamii ya Juncus iliandikwa na Susan Carter mwaka 1966, nayo ile ya jamii ya mafunjo ikatoka mwaka 2010. Humo nchi yetu imegawanywa kwa nambari, na sisi wa Thika na Ruiru tuko katika K4, pamoja na Nairobi na Machakos na Meru. Mwandishi anapoandika K4 mbele ya jina la mmea, hakuota. Ni kwa sababu kuna mtu alichuma, akakausha, akaandika lebo, na karatasi iko kabatini.

Sasa geuza jambo hili upande wa pili. Mahali ambapo hakuna aliyechuma, kitabu kinanyamaza. Na kimya cha kitabu si ushahidi kwamba mmea haukuwepo! Wenye taaluma hii wenyewe hukiri kwamba wachumaji hufuata barabara, reli, na mahali penye chai ya moto. Thika ilipata reli mwaka 1913, na maporomoko ya Chania na ya Thika yako pande mbili za hoteli ya Blue Posts, mtu anaweza kuchuma mimea na kurudi mezani kabla mayai hayajapoa. Lakini kinamasi kidogo cha Ruiru, kilichokuwa ndani ya shamba la mtu na baadaye nyuma ya nyumba za kupanga, nani angekwenda kupoteza viatu vyake humo? Ni sisi watoto tu. Na sisi hatukuandika.

Mtu atasema Thika na Ruiru ni kitu kimoja, ni kilomita kama 20 tu, na tangu barabara kuu ipanuliwe na kufunguliwa mwaka 2012 ni dakika chache, makanga asipoamua kusimama kila mahali. La hasha. Kwa watu ni kitu kimoja, kwa maji sivyo. Chania na Thika hukutana hapa mjini, zikaenda kuungana na Tana, na maji hayo huingia baharini huko Kipini. Mto Ruiru humwaga maji yake upande wa Athi, ambao mbele hubadilika jina ukawa Galana na kisha Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Mimi nikishuka kwenye matatu asubuhi nimeshavuka mpaka wa mito miwili mikubwa kabla ya kengele ya kwanza! Kwa hivyo lebo yenye neno "Thika" haiwezi kutoa ushahidi kwa niaba ya tope la Ruiru.

Hapa nataka kuzilaumu kidogo lebo za zamani, japo nimezisifu. Nyingi zimeandikwa mahali kwa jina la shamba la mlowezi fulani, au Fort Hall badala ya Murang'a, au Thomson's Falls badala ya Nyahururu. Aliyejua shamba hilo lilikuwa wapi ameshaondoka. Na yule kijana wa hapa hapa aliyebeba mbao za kukandamizia mimea, akamwonyesha mgeni njia na kumtajia mmea kwa lugha ya kwao, mara nyingi jina lake halimo. Lebo zetu ziwe na alama za ramani kutoka kwenye simu, sawa, lakini pia ziwe na maneno ambayo jirani anaweza kuyafuata kwa miguu: karibu na daraja lipi, nyuma ya kanisa lipi, upande gani wa reli. Na jina la Kiswahili au la lugha ya mama liandikwe pamoja na Kilatini, pamoja na jina la Cucu au la yeyote aliyelitaja.

Rafiki yangu wa dawati ananiambia haya yote ni kujisumbua, kwa sababu siku hizi kuna simu. Piga picha, maliza. Kweli kabisa, picha ingeniokoa siku ile, maana simu huandika tarehe yenyewe bila kuombwa. Sipingi picha. Lakini picha ya unyasi wa mviringo ni picha ya mstari wa kijani. Huwezi kuipasua tunda ukahesabu mbegu, na baada ya miaka 50 hakuna atakayeweza kupima vinasaba vyake kama wanavyofanya na majani makavu ya hebaria. Isitoshe, simu yenyewe huibwa pale stendi. Vifanyike vyote viwili.

Mwingine akauliza kama kuchuma si kuharibu hicho tunachotaka kukilinda. Swali zuri. Ukikuta mmea mmoja peke yake, uache na upige picha. Ukikuta zulia zima, shina moja lenye maua na matunda halitamkausha mtu kinamasi. Aliyekikausha Kwa Vyura hakutumia mkasi.

Na sisemi kwamba hakimu angelitazama jani kavu akawapa wapangaji fidia. Sijui sheria kiasi hicho. Ninachojua ni kwamba nchi yetu ina kanuni za vinamasi na kingo za mito tangu mwaka 2009, zinazotaja hata umbali wa kuachwa kando ya mto, kati ya mita 6 na 30. Kanuni hizo zinalinda kinamasi kinachojulikana. Kile ambacho mtu anaweza kusema hakikuwahi kuwako, zitakilindaje? Yule mwenye ploti alinitajia Naivasha kwa dhihaka, lakini Naivasha yenyewe ni funzo. Kamba wa Marekani walitiwa ziwani humo mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata mayungiyungi ya bluu yaliyokuwa yamejaa kingoni yakatoweka, na hao kamba ni miongoni mwa wanaolaumiwa. Watu wanaweza kubishana nani alaumiwe zaidi. Hakuna anayebisha kwamba mayungiyungi yalikuwepo, kwa sababu waliotangulia waliandika.

Chama chetu cha Kiswahili kimeshaanza, kikisaidiana na wale wa Sayansi. Tuna mbao mbili za fundi wa shuleni, mikanda ya begi la zamani, na magazeti. Mara ya kwanza tulisahau kubadilisha magazeti kila siku, na mimea ya majini ina maji kweli kweli. Yote ikaoza ikawa nyeusi, darasa likanuka Ijumaa nzima na tukafukuzwa. Sasa tumejua. Tumejua pia kwamba unyasi mrefu haukatwi ili uenee kwenye karatasi, bali unakunjwa kama herufi V au N, ili mzizi, shina na ua vibaki pamoja. Tuna karatasi 14 mpaka sasa, nyingi za kando ya Chania, tatu za Ruiru. Mbili kati ya hizo tatu zimetoka kwenye mtaro nyuma ya ploti ile ile. Ndiyo, unyasi umerudi mtaroni. Safari hii una matunda, na kokwa ni moja moja. Huyo ni wa ukoo wa mafunjo.

Lile shina la atlasi nalo tumelibandika. Lakini nieleze lililotokea siku ya kuandika lebo yake. Yule jirani yetu wa chumba cha chini alikuwa ameniuliza mara mbili, "Mwanangu, ile karatasi ya Makumbusho ilitoka?" Alikuwa anataka kurudi tena kwa mwenye ploti, na safari hii aende na kitu mkononi. Rafiki yangu wa dawati, ambaye anasema atakuwa wakili, akanong'ona: "Wewe andika tu tarehe 12 Juni 2022, Juncus, Kwa Vyura. Nani atajua?" Kalamu ilikuwa mkononi. Nakiri kwamba niliifikisha kwenye karatasi. Ningeandika, mama yule angepata shahidi, na mimi ningelipa deni la kuchekwa mbele ya watu. Lakini nikawaza: mtu akigundua siku moja kwamba tarehe hii ni ya kubuni, zile 14 nyingine atazisoma kwa jicho gani?

Nilikwenda nikamweleza mama yule ukweli. Hakukasirika, alisema tu "haya basi" na kuendelea kuanika nguo. Lebo yenyewe imo kwenye kabati la maabara, mtu yeyote anaweza kuisoma. Jina: halijulikani, huenda ni wa jamii ya mafunjo. Mahali: Ruiru, upande wa Kimbo, kinamasi kilichoitwa na watoto Kwa Vyura, sasa kimejazwa, kwa kumbukumbu ya mchumaji. Tarehe: 2021 au 2022.